Monita mbili kwenye dokingi moja: kwa nini kwa mwenzio zinawaka na kwako zinagoma

Swali hili limekuwa la kila siku hapa Tanga, hasa kwa watu wa ofisi za uwakala wa forodha kule karibu na bandari, wahasibu, wachora ramani za nyumba, na vijana wanaofanya kazi za mtandaoni wakiwa nyumbani Chumbageni au Raskazone. Mtu kanunua dokingi, yaani kile kiboksi kinachounganishwa na laptopu kwa waya mmoja afu monita na vitu vingine vinachomekwa humo, kanunua monita mbili, kachomeka kila kitu vizuri, afu monita moja inawaka nyingine inaandika No Signal, au zinawaka zote ila zinaonyesha kitu kilekile, au ile kubwa inawaka lakini ukisogeza mausi mshale unaruka ruka. Anaazima laptopu ya mwenzake wa dawati la pembeni, anachomeka waya uleule, monita zote mbili zinawaka bila neno. Hapo kila mtu anakuja na nadharia yake, huyu anasema dokingi feki, yule anasema laptopu imeingia virusi, na fundi akiitwa anaanza kufuta Windows.

Mara nyingi hakuna kitu kibovu hapo. Na ndo mana naliandika hili kwa urefu, mana inauma kuona mtu anatupa dokingi nzima au anafutiwa kazi zake zote kwa tatizo ambalo halikuwepo.

Jambo la kwanza, na likieleweka hili mengine yanakuwa mepesi: dokingi za kawaida hazitengenezi picha. Picha inatengenezwa ndani ya laptopu, kwenye chipu ya grafiki, dokingi yenyewe inapokea tu na kugawa kwenye monita. Kwa hiyo swali la kuanzia siyo dokingi gani nzuri, swali ni laptopu yangu inatoa nini kwenye lile tundu. Watu wanaanza na dokingi kwa sababu ndo kitu wanachoenda kununua, laptopu wanayo tayari wanaona hiyo imeshamaliza mambo yake, na hela inapotea hapo. Kwa mtu wa Tanga inapotea mara mbili, mana vitu hivi vingi vinaagizwa Kariakoo vinakuja na basi, kikifika sicho, kukirudisha ni nauli ya mzigo upya na mabishano ya simu juu.

Tundu ni lile lile, kilichomo ndani siyo kile kile

USB-C ilitoka mwaka 2014, na kitu ambacho watu wengi hawajaambiwa ni kwamba USB-C ni jina la umbo la tundu, basi. Ni kama chupa ya maji ya lita moja na nusu, kila nyumba inayo, ila ndani unaweza kukuta maji, mafuta ya nazi au mafuta ya taa, na kwa nje chupa ni moja. Kuna laptopu ambayo tundu lake la USB-C linapitisha data tu, flashi na printa zinakubali ila picha haitoki hata ufanyeje. Kuna inayopitisha data na chaji. Kuna inayopitisha data, chaji na picha pamoja, hii ndo tunaitaka. Na kuna yenye Thunderbolt, ambayo ni njia ya kasi zaidi ndani ya tundu hilohilo, hii nayo ina mambo yake tutafika.

Utajuaje? Angalia pembeni ya tundu. Ukiona alama ya radi, hiyo ni Thunderbolt. Ukiona herufi D na P zimeshikana, hiyo ni DisplayPort, yaani picha inatoka. Ukiona SS imeandikwa na namba 10, hiyo ni kasi ya data, haikuambii chochote kuhusu picha. Tatizo zipo laptopu nyingi tu zinatoa picha na hazina alama yoyote, kwa hiyo alama zisikukatishe tamaa zisipokuwepo, geuza laptopu chini usome jina kamili la modeli, siyo "HP" tu wala "Dell" tu, jina lote na namba zake, uende kwenye karatasi ya maelezo ya mtengenezaji mwenyewe usome sehemu ya poti. Unatafuta maneno DisplayPort, au DP Alt Mode (yaani DisplayPort inayopita kwenye tundu la USB-C), au Thunderbolt. Mfano mzuri ni ThinkPad T480 ambazo zimejaa sana kwenye maduka ya laptopu za mtumba, ile ina matundu mawili ya USB-C yamekaa pamoja upande mmoja, yote mawili yanachaji na yote yanatoa picha, ila moja tu ndo Thunderbolt. Mtu anaweza kuwa na dokingi ya Thunderbolt akachomeka tundu la jirani yake, akaanza kulaumu dokingi.

Kama hutaki kusoma makaratasi, azima ile adapta ndogo ya USB-C kwenda HDMI, chomeka kwenye TV ya sebuleni. Picha ikitoka, tundu lako linatoa picha. Isipotoka na adapta hiyo kwenye laptopu nyingine inafanya kazi, jua tundu ni la data tu, na usinunue dokingi ya kawaida ya USB-C, kuna njia nyingine kwa ajili yako nitaieleza chini.

Picha inapita njia gani

Hapa ndo penye utamu na ndo penye vurugu yote. Picha za monita mbili zinaweza kutoka kwenye laptopu kupitia waya mmoja kwa njia tatu, na dokingi tatu zinaweza kuwa zimepangwa kwenye rafu moja dukani, zote zimeandikwa "monita 2", kila moja inatumia njia yake.

Njia ya kwanza inaitwa MST (Multi-Stream Transport), na dokingi nyingi za USB-C za ofisini zinaitumia hii. Ilikuja na DisplayPort 1.2 mwaka 2010. Kinachofanyika ni hivi, laptopu inatuma mkondo mmoja wa DisplayPort lakini ndani ya mkondo huo imefunga picha mbili tofauti, kila moja ina anuani yake, ikifika kwenye dokingi kuna chipu inazitenganisha, hii inaenda monita ya kushoto, ile ya kulia. Kwa sababu ni mkondo mmoja, monita mbili zinagawana uwezo uleule, na uwezo huo siyo mkubwa kama watu wanavyodhani.

Tufanye hesabu kidogo, usiogope, ni ya kujumlisha. Ndani ya USB-C kuna njia 4 za kasi. Dokingi ya kawaida inachukua 2 kwa ajili ya picha na 2 inaziacha kwa ajili ya USB ya kasi, yaani flashi, diski ya nje na waya wa intaneti. Kwa hiyo picha zako zote mbili zinabanana kwenye njia 2. Laptopu za Intel za kizazi cha 8, hizi ndo zimejaa mitaani, kila njia inabeba gigabiti 5.4 kwa sekunde, ukitoa asilimia 20 inayotumika kufunga data yenyewe unabaki na gigabiti 8.64 kwa njia zote mbili. Sasa monita moja ya kawaida ya 1080p, yaani Full HD, kwenye hezi 60, yaani picha inachorwa upya mara 60 kwa sekunde, inakula kama 3.3. Mbili zinakula 6.6, zinaingia vizuri na nafasi inabaki. Ndo mana mwenye monita mbili za kawaida za inchi 22 au 24 anakaa raha mustarehe. Ila badilisha moja uweke ya 1440p, yenye nukta nyingi zaidi, hiyo peke yake inakula kama 5.8, jumlisha na 3.3 ya mwenzake unapata 9.1, imezidi 8.64, na hapo ndo monita ya pili inazima au inashuka ubora bila kukuambia chochote. Na 4K kwenye hezi 60 inataka karibu 12.8, hiyo haiingii hata ikiwa peke yake, inashushwa hadi hezi 30 ambayo inakula kama 6.3, na hezi 30 ndo ule mshale unaoruka ruka niliousema mwanzo.

Umeona? Hakuna kilichoharibika, ni uwezo umejaa tu.

Laptopu za mbele kidogo, Intel za kizazi cha 11 kwenda juu kwa mfano, kila njia inabeba 8.1, kwa hiyo njia 2 zinakupa gigabiti 12.96 badala ya 8.64, mradi dokingi yenyewe nayo inajua kasi hiyo. Hapo monita mbili za 1440p zinaingia, jumla 11.6. Na kuna teknolojia ya kubana picha inaitwa DSC iliyokuja na DisplayPort 1.4 mwaka 2016, laptopu, dokingi na chipu zote zikiijua basi mambo yanafunguka zaidi, hadi 4K mbili zinawezekana. Kujua kizazi cha laptopu yako angalia jina la prosesa, i5-8250U ile 8 baada ya kistari ndo kizazi cha 8, i5-1135G7 ile 11 ndo kizazi cha 11. Hii ndo sababu kubwa dokingi ileile inakubali kwa mwenzio na kwako inagoma. Dokingi haijabadilika, laptopu ndo tofauti.

Nikupe mfano wa dokingi ambayo utakutana nayo sana kwenye vitu vya mtumba, Dell WD15. Ina HDMI, DisplayPort ndogo na VGA. Hii ni ya MST, ya enzi za njia 2 za 5.4, kwa hiyo monita mbili za 1080p kwa hezi 60 inabeba bila shida, 4K moja inabeba kwa hezi 30. Kwa kazi ya forodha, monita moja umefungua nyaraka za mzigo, nyingine umefungua mfumo unajaza, hiyo inakutosha kabisa na sioni sababu ya kutafuta kubwa zaidi. Ila mchora ramani mwenye monita ya 4K asiinunue, hata auziwe kwa bei ya kutupa.

Wenye Mac, hapa ndo pa kwenu

Mtu wa Windows anaweza akaruka hadi pale chini penye Thunderbolt. Wa Mac abaki, mana hapa ndo watu wanalia zaidi.

macOS haitumii MST kutenganisha picha mbili. Ukweli ndo huo, na imekuwa hivyo miaka yote. Ukichomeka Mac kwenye dokingi ya MST yenye monita mbili, monita zote zinawaka, ila zinaonyesha picha moja, ya kulia ni nakala ya kushoto. Hata uingie mipangilio mara ngapi, hutapata kuzitenganisha, mana Mac inaona monita moja tu. Kuna dada mmoja mhasibu aliniuliza kwa uchungu kabisa, "Kaka, Mac yangu mpya hii, inashindwaje na HP ya ofisi iliyonunuliwa kabla hata sijaajiriwa?" Nikamwambia dada yangu, hapo upya hauhusiki, HP ile inajua kufunga picha mbili kwenye mkondo mmoja na Windows inaruhusu, Mac haifanyi hivyo, imechagua kutoa kila picha kwa mkondo wake.

Juu ya hilo kuna kikomo cha chipu yenyewe. MacBook Air na zile Pro za inchi 13 zenye chipu ya M1, zilizotoka Novemba 2020, zinatoa picha kwa monita moja tu ya nje. M2 za aina hiyo hiyo nazo moja. Ukinunua dokingi ya Thunderbolt ya bei kubwa kuliko zote duniani bado ni moja, kikomo kiko ndani ya chipu, hakuna waya wa kukivuka. MacBook Air ya M3 ya mwaka 2024 inatoa mbili ila ukifunga kifuniko, yaani kioo cha laptopu yenyewe kizime. MacBook Air ya M4 iliyotoka Machi 2025 ndo inatoa mbili huku kioo chake kikiwaka. Zile zenye M1 Pro na M2 Pro zinatoa mbili toka mwanzo. Lakini kumbuka, hata hizo zinazotoa mbili, kwa waya mmoja zinahitaji dokingi ya Thunderbolt, mana ile ya MST itakupa nakala tu.

Thunderbolt ndo njia ya pili. Thunderbolt 3 ilikuja 2015 na inabeba gigabiti 40 kwa sekunde, na ndani yake mikondo miwili kamili ya DisplayPort inaweza kupita kila mmoja kivyake, ndo mana Mac inaielewa. Thunderbolt 4 ya mwaka 2020 imeweka lazima, laptopu ikiandikwa Thunderbolt 4 inapaswa iweze monita mbili za 4K. Thunderbolt 3 haikuwa na lazima hiyo, lazima yake ilikuwa 4K moja, kwa hiyo zipo laptopu za Thunderbolt 3 zilizopunguzwa. Kama una hela na laptopu yenye radi pembeni ya tundu, njia hii ndo nzuri kuliko zote na mi ndo naipenda. Ila tahadhari, dokingi nyingi za Thunderbolt 3 za kizazi cha mwanzo ukizichomeka kwenye USB-C ya kawaida hazifanyi kazi, zile za baadaye ndo zinakubali zote.

DisplayLink, mkombozi wa laptopu za zamani

Njia ya tatu ni tofauti kabisa na hizo mbili, na ndo ile inayovunja kanuni niliyoisema mwanzo. DisplayLink haitumii DisplayPort ya laptopu. Unaweka programu ndogo, yaani draiva, hiyo draiva inachukua picha, inaibana kwa kutumia prosesa, inaituma kama data ya kawaida ya USB, sawa na unavyokopi faili kwenye flashi, ikifika kwenye dokingi kuna chipu inaifungua na kuichora kwenye monita. Kwa hiyo haijali kama tundu lako linatoa picha au halitoi. Hata USB ya zamani ile pana, mradi ni USB 3, inakubali. Mwenye laptopu ya mtumba ambayo USB-C yake ni ya data tu, au haina USB-C kabisa, njia yake ndo hii. Na mwenye Mac ya M1 anayetaka monita mbili, njia yake ndo hii, anaweka programu ya DisplayLink Manager, anaipa ruhusa ya kurekodi skrini kwenye mipangilio ya usalama, mambo yanakwenda. Watu wanashtuka kuombwa ruhusa ya kurekodi, wanadhani wanapelelezwa, hapana, programu inahitaji kuiona picha ndo iweze kuituma, bila ruhusa hiyo monita zinabaki nyeusi.

Ina gharama zake nazo nazisema wazi. Prosesa inafanya kazi ya ziada, laptopu dhaifu itaanza kuvuma feni. Michezo ya kompyuta na kuhariri video siyo mahali pake. Kwenye Mac, filamu za huduma za kulipia zenye ulinzi wa nakala zinaweza kukupa kioo cheusi wakati DisplayLink inafanya kazi. Na kwenye kompyuta za ofisi ambazo mtumiaji hana ruhusa ya kuweka programu, utahitaji mtu wa IT akuwekee, ingawa Windows 10 na 11 mara nyingi zinaivuta draiva zenyewe kukiwa na intaneti. Kwa Excel, barua pepe, PDF na mfumo wa kazi, hutaona tofauti yoyote.

Dell D6000 ni mfano wa dokingi ya DisplayLink. Ukiiweka pembeni ya WD15 zinafanana kazi ukitazama kwa macho, ndani ni vitu viwili havina undugu. Kwa hiyo dukani usiulize "hii inabeba monita mbili?", muuzaji atajibu ndiyo na hatakuwa amedanganya. Uliza jina la modeli, ligeuze chini ulisome mwenyewe, na ulitafute kwenye simu hapo hapo kabla hujatoa hela, uone kama imeandikwa DisplayLink, Thunderbolt, au USB-C tu.

Waya, chaja na monita zenyewe

Waya wa kuchajia simu siyo waya wa dokingi. Ni USB-C kweli, unaingia vizuri kabisa, ila nyingi ndani zina USB 2.0 peke yake, njia zile 4 za kasi hazimo, picha itapita wapi? Laptopu itachaji, mausi itafanya kazi, monita nyeusi, na mtu anaapa waya ni mzima mana "mbona unachaji". Tumia waya uliokuja na dokingi. Kama umepotea tafuta ulioandikwa kasi yake, na usichukue mrefu sana, waya wa Thunderbolt wa kawaida wa gigabiti 40 unaishia kama sentimita 80, ukitaka mrefu zaidi ya hapo ni wa aina nyingine wenye chipu ndani na bei yake ni nyingine.

Dokingi ya mtumba bila chaja yake usiichukue kirahisi. Dokingi kamili inahitaji umeme wake yenyewe, na kiasi cha wati inachokupa laptopu kinategemea chaja hiyo. Laptopu yako ilikuja na chaja ya wati 65, dokingi inaipa 45, basi ukifanya kazi nzito betri itakuwa inashuka huku imechomekwa. Zile hubu ndogo zisizo na chaja, unazochomeka chaja ya laptopu ndani yake, zinakata wati kadhaa kwa ajili yao wenyewe kabla ya kupitisha zinazobaki.

Na umeme ukikatika, kumbuka dokingi inazima, monita zinazima, na kama intaneti yako ya waya inapita kwenye dokingi nayo inakatika, laptopu peke yake ndo inabaki hai kwa betri. Kwa mtu anayejaza nyaraka za mzigo kwenye mfumo hapo katikati, hilo siyo dogo. Weka dokingi kwenye UPS, ile betri ya akiba, pamoja na ruta, monita hata zikizima si neno. Umeme ukirudi na monita zikagoma kuamka, chomoa chaja ya dokingi ukutani, subiri nusu dakika, rudisha, ndo uchomeke laptopu. Pia joto la hapa kwetu siyo la mchezo, dokingi inafanya kazi ikiwa ya moto, usiifukie nyuma ya mafaili, na wa Raskazone upepo wa chumvi unakula vichwa vya nyaya, wakati mwingine tatizo lote ni kutu tu kwenye ncha.

Upande wa monita, za mtumba nyingi zina VGA na DisplayPort, chache zina HDMI. Hapa kuna mtego mmoja unaonasa watu kila mara. Waya wa kutoka DisplayPort ya dokingi kwenda HDMI ya monita unafanya kazi, ni wa kawaida na wa bei ndogo. Ila kinyume chake, kutoka HDMI ya dokingi kwenda DisplayPort ya monita, waya wa kawaida haufanyi kazi, picha haigeuki upande huo bila adapta yenye chipu na umeme wake. Kwa macho nyaya hizo mbili zinafanana kabisa. VGA nayo kama dokingi haina tundu lake inataka adapta ya kugeuza, waya mtupu hauwezi.

Vimekaa sawa vyote, sasa Windows. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua Extend. Watu wengi wanaolalamika monita zinaonyesha kitu kimoja kwenye Windows wako kwenye Duplicate tu, na hilo linaisha kwa sekunde. Afu ingia mipangilio ya Display, panga vile vibox vifuate monita zilivyokaa mezani, na kwenye Advanced display hakikisha kila moja inasoma hezi 60. Grafiki za Intel za kizazi hicho cha 8 zinaendesha vioo 3 kwa pamoja, na kioo cha laptopu nacho kinahesabiwa, kwa hiyo ukiwa na tamaa ya monita ya tatu ya nje itabidi ufunge kifuniko.

Ikigoma bado, usihangaike na vitu vyote kwa pamoja. Acha monita moja tu kwenye dokingi. Ikiwaka, ihamishie tundu la pili, ikiwaka na hapo, dokingi na nyaya ni nzima. Rudisha ya pili, ikigoma kuwaka shusha ubora wa ile ya kwanza hadi 1080p, ile nyingine ikiwaka ghafla basi ni uwezo umejaa kama tulivyohesabu, na sasa unajua ama unakaa na 1080p au unatafuta dokingi ya njia nyingine. Isipowaka hata hivyo, badilishana nyaya za monita, uone tatizo linahama na waya au linabaki na monita.

Na unapoenda kununua pale Ngamiani, beba laptopu yako mwenyewe. Mwambie muuzaji kwa adabu, "Samahani kaka, naomba tujaribu na monita mbili hapa hapa", na asikuwashie kwa laptopu ya dukani. Chagua Extend, buruta dirisha kutoka monita moja kwenda nyingine, angalia hezi, angalia kama laptopu inachaji, chomeka na flashi, na uiache iwake kwa muda mnapopiga bei.